Paka asiyekua sio aina mpya, amedumaa

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mie ni fundi cherehani, nakaa Tabata hapa Dar, gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Barua gazetini sijawahi kuandika hata siku moja ila ile picha mliyoweka majuzi ya kipaka aliyekalishwa ndani ya kikombe cha chai, mkaandika chini yake kwamba ndo aina mpya ya paka wasiokua na kwamba mjini wanagombewa, imenikosesha raha mpaka nikaacha kushona. Nimeikuza kwenye simu nikaiangalia vizuri. Macho yana tongotongo, tumbo limetuna, manyoya yamesimama kama ya mnyama anayesikia baridi, halafu chini kwenye komenti watu wanaandika tu jamani mzuri, nampataje, bei gani.

Naomba mnipe nafasi niseme ninachokijua, maana kipaka wa namna hiyo nimemlea mwenyewe kwa mikono yangu.

Mwaka jana mwezi wa sita binti yangu alinionyesha tangazo la mtu anauza paka mtandaoni, anawaita paka kikombe, kaandika ana miezi mitano na keshafika mwisho wa kukua, hapo alipo ndo hapo hapo mpaka uzee. Bei laki tatu na nusu. Binti kanililia wiki nzima, kafaulu mtihani wake vizuri, nikasema basi nimtimizie. Tukatuma hela kwa simu, kipaka kaletwa na bodaboda ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu juu. Tulipomtoa tukamwita Punje maana kweli alikuwa punje, anakaa kwenye kiganja cha mtoto na nafasi inabaki. Tukafurahi sana siku ile, tukapiga picha nyingi, na picha zile leo nikiziangalia naona vyote ambavyo siku ile sikuviona, mbavu zinahesabika, tumbo kama puto, macho hayang'ai.

Usiku wa kwanza alilia mpaka asubuhi. Tukampa maziwa ya pakti, kesho yake akaanza kuharisha, tukaongeza maziwa tukidhani anapungukiwa maji, akazidi kuharisha. Siku ya tatu nimeamka nikamkuta amelala ubavu, miguu ya baridi, ukimfunua mdomo ufizi mweupe kabisa kama karatasi. Nikamfunga kwenye kanga nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo, nimefunga duka, wateja wananipigia simu za nguo za harusi sipokei.

Daktari alimweka kwanza kwenye mzani. Gram 480. Akaniuliza ana umri gani, nikamwambia miezi mitano, ni wale wasiokua. Akamfunua mdomo akaniita nisogee nitazame. Akanambia, mama, haya yote ni meno ya maziwa, paka wa miezi mitano meno ya mbele yote keshabadilisha, huyu hata miezi miwili sijui kama imetimia vizuri, na hata kwa miezi miwili alitakiwa awe na karibu gram 900, kwa hiyo hapa una vitu viwili, umedanganywa umri na mtoto mwenyewe ni mgonjwa. Akamchoma sindano ya maji chini ya ngozi, akampaka glukosi kwenye ufizi maana vitoto vya paka vikikosa kula hata masaa machache sukari inashuka vinazimika, akamzungushia chupa za maji ya moto. Dawa ya minyoo hakumpa siku hiyo, alisubiri apate nguvu. Alipompa, siku mbili baadaye, vilivyotoka sitaki kuvieleza hapa watu wanakunywa chai.

Ndo nikaelewa biashara inavyokwenda. Kipaka anatolewa kwenye ziwa la mama yake akiwa na wiki tano au sita, amejaa minyoo, hashibi, umri unatajwa mara mbili au tatu ya ule wa kweli, na ile njaa yake inapewa jina zuri halafu inauzwa ghali kuliko paka mwenye afya. Mnunuzi akija kuona paka anakua anashukuru Mungu, asipokua anajua ndo alivyonunua, akifa anaambiwa ni delikati hawa. Muuzaji hakosi jibu kwa lolote.

Mhariri, sisi Watanzania neno udumavu tunalijua. Kila mama aliyepeleka mtoto kliniki anaijua ile kadi yenye mistari, mtoto anapimwa kila mwezi na mstari ukilala badala ya kupanda nesi anakushika anakuuliza unamlisha nini huyu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyo juu kabisa ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi hii, mahindi yamejaa ghalani na mtoto tumbo limeshiba ugali ila mwili haujapata kitu cha kujengea. Hakuna mzazi anayempiga picha mtoto wake aliyedumaa akaandika hii ni aina mpya. Kwa paka nako ni kitu kile kile, tumbo limejaa na mwili una njaa, tofauti ni kwamba paka hana kadi na hana nesi wa kumuulizia.

Kwa hiyo mie nikamtengenezea Punje kadi. Nilinunua mzani mdogo Kariakoo, ule wa kupimia unga wa keki, nikawa nampima kila siku asubuhi kabla hajala naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Daktari alinipa hesabu ambayo naomba kila anayefuga aijue, kwamba kitoto cha paka kinazaliwa na kama gram 100 hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo, kila siku kinatakiwa kiongeze gram 10 mpaka 15, mwezi wa kwanza ukiisha kiwe karibu 450, wa pili karibu 900, wa tatu kilo 1 na robo kwenda na nusu, yani mpaka miezi mitano sita unakadiria kama nusu kilo kwa kila mwezi wa umri wake. Wapo watakaozidi na watakaopungua, jike huwa dogo kuliko dume, na paka wetu hawa wa mtaani ni wembamba kwa asili, hilo sio tatizo. Tatizo ni namba iliyosimama. Kitoto kikikaa siku mbili hakijaongeza hata gram moja ujue kuna jambo, na kikipungua usisubiri kesho.

Chakula nacho nilikuwa nakosea sana, nadhani na wengi wanakosea kama mimi. Nilikulia Muheza, kwetu paka alikuwa anapewa ugali umechovywa kwenye mchuzi wa dagaa na anabaki mzima, ila yule paka wa kule alikuwa anashinda shambani anakamata panya na mijusi na ndege, chakula chake hasa kilikuwa huko nje, ugali wetu ulikuwa wa kumalizia tu. Huyu wa mjini aliyefungiwa chumba na sebule hana panya wa kukamata, ukimpa ugali na mchuzi huo ndo umebaki kuwa mlo wake, na paka sio mbwa wala sio binadamu, mwili wake umeumbwa ule nyama. Kuna kitu kinaitwa taurini kiko kwenye nyama na samaki, paka hawezi kujitengenezea cha kutosha mwenyewe, akikikosa macho yanaharibika na moyo unatanuka unachoka. Mwaka 1987 watafiti wa chuo kikuu kule Davis, California, walionyesha kwamba paka waliokuwa wanakufa na ugonjwa huo wa moyo walikuwa wanakula vyakula vya viwandani ambavyo taurini yake haikutosha, na viwanda vikaja kuongeza. Sasa kama chakula cha kiwandani kilipungukiwa, ugali je.

Dawa yake sio lazima iwe chakula cha kopo cha bei kubwa. Moyo wa ng'ombe unayo taurini nyingi, mapaja ya kuku yanayo kuliko kidari, dagaa wanayo, na ukichemsha usimwage supu maana sehemu inabaki kwenye maji. Maini mpe kidogo tu mara moja moja, yakiwa ndo chakula cha kila siku vitamini A inazidi mpaka mifupa ya shingo inashikana. Samaki mbichi kila siku nao hawafai, baadhi yao wanaharibu vitamini B1 mwilini mpaka paka anaanza kuyumba. Na maziwa ya ng'ombe, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya mwenyewe, vitoto vingi vinaharishwa nayo, kama kitoto hakina mama kuna maziwa ya unga ya vitoto vya paka kwenye maduka ya dawa za mifugo, yana bei lakini yanaokoa.

Hapa nigusie na upande wa pili maana mtu anaweza kusema basi shida ni umaskini. Hapana. Nina mteja wangu mmoja ana uwezo mzuri tu, kipaka wake alikuwa halishwi kitu zaidi ya steki, nyama safi isiyo na mfupa kila siku, alikuwa anajivunia kabisa. Kipaka kafika miezi minne bado mdogo, hataki kucheza, ukimshika mgongo analia. Siku moja karuka kutoka kwenye sofa, sofa hii hii ya kawaida, mguu wa nyuma ukavunjika. Eksirei ikaonyesha mifupa yote imekuwa myembamba kama ganda la yai. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na mwili wa mtoto anayekua ukikosa kalsiamu kwenye chakula unaenda kuikwangua kwenye mifupa yake mwenyewe. Panya anayeliwa na paka analiwa na mifupa yake, ndo maana paka wa shambani hapati hiyo. Yule kipaka alifungiwa kwenye kizimba wiki nyingi asiruke, akabadilishiwa chakula, akapona, ila nyonga ilishapinda na ni jike, daktari kasema asije akabeba mimba maisha yake yote kwa sababu watoto hawatapita.

Viroboto sitavisema sana, ila mjue vinaua. Kwetu sisi kiroboto ni muwasho, kwa kitoto cha gram 400 viroboto mia wanakunywa damu mpaka ufizi unakuwa mweupe. Na watu wanakimbilia dawa ya kuogeshea mbwa. Tafadhali sana msifanye hivyo, nyingi zina kiungo kinaitwa pemethrini ambacho mbwa anakivumilia na paka hakimuachi, anatetemeka mpaka anakufa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, chanuo la meno ya karibu karibu, na umkaushe vizuri asipate baridi. Na Panadol usimpe kabisa, hata nusu kidonge, ini la paka haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa.

Sasa wapo ambao wanalishwa vizuri, minyoo imetolewa, na bado hawakui, na hawa ndo wananiuma zaidi kwa sababu hawa ndo hasa wanaotafutwa na wenye biashara ya kikombe.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa naye mmoja. Alikuwa wa uzao mmoja na wenzake wanne, wenzake wakawa paka wazima yeye akabaki kama wa miezi miwili. Mzuri sana jamani, macho yake yalikuwa rangi ya shaba, watu wanasimama mlangoni kumuangalia. Ila mate yalikuwa yanamtoka sana mpaka kidevu kinalowa muda wote, na kila akila nyama akashiba, baada ya muda anabadilika, anatembea akizunguka duara, anaenda kusukuma ukuta kwa kichwa, anakaa ameduwaa kama haoni, mara mbili akashikwa na degedege. Pale kwenye nyumba ikawa ni maneno, huyu paka ana jini, huyu paka katumwa, mpangaji mmoja akataka atupwe. Nikamshawishi mama tumpeleke kwa daktari yule yule. Akatueleza kwamba anahisi ni tatizo la mshipa, kuna mshipa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao unaipitisha damu ya tumboni pembeni ya ini badala ya kupita ndani ya ini, sumu inayotokana na kumeng'enya nyama ambayo ini lilitakiwa kuisafisha inapanda mpaka kwenye ubongo, ndo maana anabadilika akishakula, ndo maana hakui, na yale macho ya shaba mnayoyasifia mara nyingi yanaonekana kwa paka wenye shida hiyo. Kuhakikisha kunahitaji vipimo vya damu kabla na baada ya kula pamoja na ultrasaundi, na tiba ya kweli ni upasuaji wa kuuziba ule mshipa polepole. Tulichoweza ni dawa na kupunguza nyama. Alikaa miezi mitatu mingine. Alikufa alfajiri mama anasali, na mama mpaka leo anasema laiti ningejua mapema nisingekuwa nawaita watu waje kumuona.

Kuna na wa tezi. Tezi la shingoni likiwa halifanyi kazi tangu kuzaliwa kipaka anabaki mfupi, kichwa kikubwa, miguu mifupi, mwili mpana, analala sana, choo kinakuwa kigumu, na meno ya maziwa hayang'oki kwa wakati. Picha yake ukiiweka mtandaoni watu watalia kwa uzuri, anaonekana kama mdoli. Na huyu anatibika, ni kidonge cha homoni kila siku, dawa ya aina ile ile wanayopewa binadamu wenye tezi lisilofanya kazi, daktari anapanga kiasi. Akianza mapema anarefuka, akichelewa akili na mifupa vinabaki nyuma. Hebu fikiria mtu ana kipaka wa hivi, dawa yake ipo mjini, ila haendi kutafuta kwa sababu kaambiwa alipie zaidi kwa kuwa hakui.

Najua kuna atakayejibu kwamba Ulaya na Marekani paka wadogo wapo na wana vyeti. Nimelifuatilia hilo maana na mie niliambiwa hivyo hivyo na muuzaji. Wapo wa aina inayoitwa Singapura, jike mzima anaweza kuwa na kilo 2 tu hivi, lakini huyo ni mdogo kwa uwiano wote na bado anafika kilo hizo, haingii kwenye kikombe. Wapo Munchkin, wale wa miguu mifupi, walianzia Louisiana mwaka 1983 mwanamke mmoja alipookota paka jike mwenye mimba chini ya gari, nusu ya watoto wakatoka na miguu mifupi. Miguu ile ni hitilafu ya kurithi kwenye mifupa, na kipaka akirithi hitilafu hiyo kutoka kwa baba na mama wote wawili hazaliwi kabisa, anafia tumboni bado hajawa kitu. Chama kimoja kikubwa cha paka kilipokubali kuanza kuwaandikisha mwaka 1994 jaji wao mmoja wa siku nyingi wa mashindano ya paka aliamua kuacha kazi, na vyama vingine vikubwa, wa Uingereza wakiwemo, mpaka leo hawawatambui. Uholanzi kuwazalisha ni kosa kisheria. Na Munchkin mwenyewe ni mfupi wa miguu tu, mwili wake ni wa paka wa kawaida, yani hata huyu wanayemtolea mfano sio yule wanayemuuza hapa.

Na yule paka aliyeandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mdogo kuliko wote, Tinker Toy wa Illinois, alikuwa na sentimita 7 kwenda juu na 19 kwa urefu wa mwili, alikuwa ni mmoja, hakuwa aina ya paka. Guinness hao hao rekodi ya paka mnene kuliko wote waliifunga, waliona watu watashindilia wanyama chakula ili waingie kitabuni. Naona hekima ile ile inatufaa sisi hapa kwa upande wa udogo, kwa sababu mahali ambapo udogo una bei mtu atapunguza chakula. Sio kwamba wote wanafanya, ila mlango uko wazi, na kipaka hawezi kusema nimepewa kijiko kimoja.

Kinachonitisha zaidi ni wale wanaochukua dume mdogo na jike mdogo wa tumbo moja wakawapandisha ili wapate wadogo zaidi. Jike wa paka anaweza kushika mimba hata na miezi minne, mitano, yeye mwenyewe bado mtoto, mimba ni siku 63 hadi 65, basi huyu wa kilo moja na nusu anabebeshwa mimba na wakati wa kuzaa watoto wanakwama. Muuzaji anapata vipaka viwili hai, mama anatupwa kwenye jalala la sokoni. Nimeuona mzoga mmoja wa namna hiyo karibu na dampo letu, mtoto amekwama nusu ndani nusu nje, sitasahau.

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inakataza kumtesa mnyama na kumuacha ateseke, na paka ni mnyama kama ng'ombe na punda. Tuna madaktari wa mifugo wanasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, miaka mitano. Na kwa sisi Waislamu tumefundishwa madrasa tangu wadogo habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumuacha akajitafutie mwenyewe. Kila nikipita kwenye zile posti za paka kikombe namkumbuka.

Ninachowaomba nyie wa gazeti ni hiki. Mkiletewa picha ya kipaka wa aina hiyo muulizeni aliyeleta ana umri gani, uzito gani, na mama yake yuko wapi, halafu mpigieni daktari wa mifugo yeyote mumuonyeshe kabla hamjaandika neno aina. Na mtupe hata robo ukurasa kwa mwezi wa daktari kujibu maswali ya wafugaji wa paka na mbwa, kuku mnawaandikia kila Jumamosi na mnasaidia watu wengi. Kwa wasomaji wenzangu, usinunue kipaka bila kumuona mama yake akiwa hai na ananyonyesha, usichukue aliye chini ya miezi miwili na ukiweza subiri wiki 12, mfunue mdomo uyaone meno, mpime mbele ya muuzaji. Minyoo vipaka wanaipata kwenye maziwa ya mama yao, kwa hiyo uliza kama mama kapewa dawa, watoto waanze wakiwa na wiki mbili na warudie kila wiki mbili mpaka wafike miezi miwili, dozi inapimwa kwa uzito sio kwa macho. Minyoo hiyo inaingia hata kwa watoto wetu wanaochezea mchanga.

Punje wangu sasa ana kilo 3 na gram 400. Analala juu ya vitambaa vya wateja mpaka nimemwekea kikapu chake karibu na cherehani. Wapo waliokuja dukani wakaniambia pole, umetapeliwa, paka wako kakua.

Juzi, siku moja baada ya picha yenu kutoka, nimeona ukurasa ule ule ulioniuzia umeweka kipaka mwingine, wa kijivu, kaandikwa miezi mitano, hakui, bei imepanda laki nne na nusu, na chini yake wameibandika picha ya gazeti lenu kama ushahidi. Nikaandika kwa adabu kabisa, naomba picha ya meno yake na picha ya mama yake na uzito wake wa leo. Baada ya dakika chache wakaniblok. Kipaka yule wa kijivu nilimuacha bado yuko pale, na mie siwezi tena kuona kama kauzwa, ndo maana nimewaandikia nyie.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam